Kona ya Ukutani

Ukitaka kuchukiwa na watu wengi kwa mpigo mmoja, tafuta kazi ya kupima udongo ulioshindiliwa. Fundi wa tofali atakuchukia, dereva wa lori atakuchukia, nyapara ndiyo usiseme. Wote wanataka kwenda mbele, na wewe kazi yako ni kuchuchumaa katikati ya njia yao na kijiko na ndoo, uchimbe kashimo mahali walipotoka jasho kupasawazisha, kisha uwaambie bado. Yule mama aliyeifanya kazi hiyo kwenye kiwanja cha soko jipya aliumia mwanzoni, baadaye akazoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Walimwita Mama Kokoto, kwa sababu ya kokoto aliyokuwa akiirusha. Wapimaji wengine, tabaka la kifusi likishashindiliwa, humuuliza dereva wa rola wachimbe wapi, na dereva, kwa uungwana wake, hukanyaga kisigino pale anapopajua mwenyewe kuwa pamekaza. Wanachimba hapo, inapita, watu wanakwenda kunywa chai. Mama Kokoto aliligeuzia tabaka mgongo, akarusha kokoto juu ya bega bila kutazama, na ilipoangukia ndipo alipochimba. Fundi mzee aliyemfunza kazi ndiye aliyemwachia tabia hiyo, pamoja na nyingine: kwamba namba ukishaiandika kwenye fomu haifutwi. Ukikosea unaikata kwa mstari mmoja, ya chini ibaki inasomeka, unatia sahihi pembeni. Mzee huyo alikufa na heshima zake na viatu vilivyotoboka. Mwenye masikio angesikia hapo.

Akishachimba, udongo wote uliotoka shimoni aliutia kwenye mfuko, isipotee hata punje. Akamimina mchanga mkavu mle shimoni kwa faneli ili ajue shimo lina ukubwa gani, akaupima udongo kwenye mizani, halafu akaukaanga kwenye kikaango juu ya jiko la gesi mpaka maji yote yakauke, akaupima tena. Kutokana na hapo alipiga hesabu kujua pamekaza kiasi gani, akaandika fomuni, na mwisho wa mstari akaweka neno moja: imepita, au haikupita. Wifi yake alipoelezwa mambo hayo alicheka hadi akashika mbavu. Akasema sasa ameelewa kwa nini mboga za nyumbani kwa kaka yake zina ladha ile. Mke wa kaka amechanganya vikaango.

Kaka huyo ndiye aliyeendesha rola. Walimwita Taratibu, kwa kuwa gari lake halikupata kumpita hata mbuzi. Walikutana kazini, kwenye kiwanja kingine, bwana juu ya chuma anakwenda na kurudi, bibi chini na ndoo yake. Wakaoana, wakazaa, wakapanga vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, ambako cheche zilifika hadi uani na nguo zilizoanikwa zilitoka kambani na vitobo vidogo vidogo. Mume anashindilia, mke anapima. Kwenye kampuni yenye adabu jambo hilo lisingekubalika, lakini kampuni yao ilikuwa ndogo, na nyapara alilipokea kwa mikono miwili. Alidhani mke atampitisha mumewe na kazi itakwenda mbio.

Hakumjua mama yule. Tabaka la mumewe lilipokataa aliandika haikupita kwa mwandiko ule ule aliouandikia wengine. Lilichimbuliwa, likamwagiwa maji, likashindiliwa upya, na jioni wakarudi nyumbani bega kwa bega. Taratibu hakuwa na kinyongo. Aliwaambia wenzake kwamba afadhali mke akukatae mchana.

Sasa ile fomu yenyewe. Shari ilikuwa imelala humo, wala haikujificha, ilikuwa wazi kila mtu aione. Kila jioni mama alijaza karatasi ya tabaka lililomalizika, na chini kulikuwa na mstari mmoja wa sahihi ya mwendesha mtambo. Lakini rola haifiki kila mahali. Upande wa nyuma wa kiwanja kulikuwa na ukuta wa zamani uliobakishwa, na chuma kile kikubwa kisingeweza kuusogelea bila kuuangusha. Kandokando ya ukuta na kwenye kona yake walitumia mashine ndogo ya mkono inayorukaruka, wenyewe wakiiita chura. Vibarua wa chura hawakuwa na mstari wa kutia sahihi. Aliyeichora ile fomu hakuwafikiria, na hakuna aliyemkumbusha. Basi dereva wa rola alisaini kwa niaba ya tabaka zima, kona na ukuta na vyote, na Taratibu alisaini bila kusoma, kwa sababu kalamu aliipokea kutoka mkononi mwa mkewe. Nani anasoma karatasi aliyopewa na mama watoto wake?

Wiki waliyofika tabaka la nne, chura akaharibika. Nyapara akasema kipuri kimeagizwa, kazi isisimame. Rola isogee ukutani kadiri itakavyoweza, na pale itakapoishia patakazwa na uzito wa tabaka la juu. Huo ni uongo wa wavivu, na hakuna aliyekuwa haujui pale kiwanjani. Udongo uliolegea ukiufunika haukazi, unakungoja. Taratibu alinung'unika kidogo, akafanya alivyoambiwa. Mkewe alikuwa ameshinda ofisini akipanga mafaili, maana mkaguzi wa wenye soko alitarajiwa. Jioni alikuja na karatasi, mume akatia sahihi, wakaondoka zao.

Asubuhi yake kokoto iliangukia konani, hatua chache tu kutoka ukutani. Mkaguzi alikuwa amekwishafika, amesimama pembeni na injinia wa kampuni, amevaa viatu vyeupe ambavyo mwenye akili havivai kiwanjani. Nyapara akasema kokoto imeteleza, ile haihesabiki. Mama akajibu kwamba kokoto haina miguu. Ndipo Taratibu alipozima rola, akashuka, akamsogelea mkewe, akainama kama anayemsaidia kubeba ndoo.

"Mama watoto, rusha tena. Leo tu."

"Kwani pale pana nini?"

"Unajua pana nini. Jana chura hakufanya kazi."

"Ungeniambia kabla hujasaini."

"Hukuniuliza," Taratibu alisema. "Ulinipa kalamu."

Mama alisimama na kijiko mkononi. Alikuwa na woga, tusimsingizie ushujaa asiokuwa nao. Lakini alifikiri litakuwa kama siku zote: itakataa, itarudiwa, watakasirika, wataenda nyumbani. Hakuna mtu aliyewahi kufukuzwa kwa sababu tabaka limekataa. Na kama leo angerusha mara ya pili kwa ajili ya mumewe, kesho angemnyima nani? Akapiga goti pale konani. Kijiko kiliingia bila ubishi wowote, kama kwenye ugali uliokosa unga. Hesabu ilipotoka, mahali palipotakiwa pafike tisini na tano kwa mia hapakufika hata themanini na tano. Akaandika haikupita. Msema kweli mpenzi wa Mungu, ndivyo wanavyosema. Habari za kama mumewe naye atampenda hawazigusi.

Mkaguzi aliisoma fomu pale pale akauliza ni nani aliyesema tabaka hili limemalizika. Ni swali dogo, na injinia angeweza kulijibu kwa maneno machache ya kweli: mashine imeharibika, tuliamua tuendelee. Lakini hayo yangemgusa nyapara, na nyapara alikuwa shemeji wa mwenye kampuni. Ikatolewa karatasi ya jana, na kwenye mstari wa mwendesha mtambo palikuwa na sahihi moja tu, ya Taratibu. Kabla ya chakula cha mchana kibarua cha Taratibu kilikuwa kimeota nyasi. Mama aliambiwa apumzike nyumbani siku chache, akaweke sawa mambo ya familia. Injinia alilisema hilo kwa upole kabisa.

Taratibu hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alihamia kulala kwenye kochi, akisema mgongo unamuuma. Akila, alishukuru kama mgeni. Wifi ndiye aliyekuja kusema. Alikuwa muuza mitumba kando ya barabara, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watakaopewa vizimba vya kuuzia soko likiisha kujengwa, kwa hiyo habari za kiwanja zilimfika mapema kuliko mvua. Aliketi uani, akauambia mti wa kamba ya nguo, kwa sauti ya kufika jikoni, kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba wako wanawake wanaowapika waume zao kwenye vikaango vya udongo. Safari hii hakucheka. Mama Kokoto alimletea chai, akaipokea.

Siku ya mwisho ya mapumziko yale mama alikuta begi la mumewe limeshuka kutoka juu ya kabati. Kaka mkubwa wa Taratibu na wifi alikuwa na kazi za barabara mbali sana, na siku nyingi alikuwa akimwita mdogo wake. Mama akauliza anaondoka lini. Mume akakaa kitako kwenye kochi, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Mimi sikulaumu kwa kupima," alisema. "Kazi yako ni kupima. Lakini nataka kujua kitu kimoja. Ile kona wamerudia? Wakirudia, basi nimefukuzwa kwa ajili ya kitu, nitameza. Nitatafuta kazi hapa hapa, tutakula tutakachopata."

"Na kama hawakurudia?"

"Basi umeniuza bure. Mtu aliyeuzwa bure nyumba hii atakaa anafanya nini?"

Mama alimwambia lazima watakuwa wamerudia. Fomu imeandikwa haikupita, mkaguzi ameiona kwa macho yake, watafanyaje tena? Alisema hivyo na alikuwa anaamini. Alikwenda kazini kesho yake akiwa na hamu ya kufika, jambo lisilokuwa la kawaida kwake.

Alikuta tabaka la tano. Lilikuwa limemwagwa, limesawazishwa, limekwishashindiliwa na dereva mgeni, na lilimeremeta kwa unyevu kama sakafu iliyopigwa deki. Chura alikuwa bado yuko stoo, kifua wazi, boliti zake ndani ya kopo, na kipuri hakijafika. Mtu aliyezoea kiwanja hahitaji kuuliza zaidi ya hapo. Hata hivyo alikwenda ofisini kutazama faili. Fomu yake ilikuwepo, hakuna aliyeigusa. Neno haikupita limekaa pale pale kwa mwandiko wake mzuri. Nyuma yake ilikuwa imebanwa karatasi mpya, safi, isiyo na hata doa la udongo: kipimo cha marudio, tisini na sita kwa mia, imepita. Aliyesaini ni karani wa stoo, mtu ambaye ukimpa mizani angekaa juu yake ajue ana kilo ngapi.

Injinia hakukataa. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye dawa za tumbo mezani, na alizungumza naye kama anavyozungumza mtu na dada yake.

"Mkaguzi alitaka mtu awajibike. Mtu amewajibika, na karatasi ya marudio ipo. Ameridhika, ameondoka."

"Na udongo?"

"Udongo haukuandika malalamiko."

Mama akasema anataka kuchimba pale konani, leo hii, apite kwenye tabaka la tano afike la nne. Anajua vipimo kutoka ukutani, hatahitaji muda. Injinia akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Chimba," alisema. "Halafu mimi nitaulizwa kwa nini tangu msingi uanze kazi ya mume inapimwa na mkewe. Fomu zako zote zina sahihi mbili, yako na yake. Unajua watasema nini? Watasema zote ni za chumbani. Hata zile za kweli. Yeye hatapata kazi tena popote, na wewe pia. Unataka nizifungue?"

Nimemfikiria Mama Kokoto mara nyingi akiwa amesimama mbele ya meza ile, na kila mara namkasirikia, na kila mara najiuliza mimi ningesema nini. Wale jamaa walikuwa wamemuweka mke ampime mume kwa sababu iliwafaa, na sasa iliwafaa kwa namna nyingine. Miaka yote ile ya kupiga magoti, kila shimo, kila namba iliyokatwa kwa mstari mmoja, vyote vingegeuzwa uchafu kwa swali moja, na wenye kuuliza wangekuwa na haki ya kuuliza. Alisogezewa faili la tabaka la nne atie sahihi kwamba kumbukumbu zimekamilika. Alitia. Kisha akatoka kwenda kupima la tano, kwa dereva mgeni, ambaye alikanyaga kisigino kumuonyesha pa kuchimba.

Aliporudi nyumbani mchana wa saa tisa, Taratibu alikuwa ameketi kizingitini, begi limefungwa zipu, liko ndani nyuma yake. Watoto hawajarudi shule. Karakana ilikuwa kimya kwa kuwa umeme ulikatika, kwa hiyo hapakuwa na kelele ya kusingizia kwamba hakusikia swali.

"Enhe?"

"Wamerudia," alisema mama.

"Kwa chura?"

"Kwa chura. Kipuri kimekuja."

"Ulipima wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Ikatoka ngapi?"

Aliyekuwa hajawahi kuandika namba ya uongo maishani mwake hakuwa na ya kwake ya kutoa. Akatoa ya karani wa stoo.

"Tisini na sita."

Taratibu alivuta pumzi ndefu, akaiachia. Akasema tisini na sita kwenye kona si mchezo, hao vijana wa chura wamejituma. Akanyanyuka, akabeba begi, akalirudisha juu ya kabati, na kwa kuwa mkewe alikuwa bado amesimama mlangoni na ndoo yake, akampokea ndoo. Usiku ule hakulala kwenye kochi. Mke alipata mume wake, na kuanzia siku hiyo hakuwahi kumtazama usoni akiwa na raha.

Jengo likapanda. Taratibu akapata kibarua cha kuendesha trekta, pesa kidogo, vumbi jingi, lakini alirudi na utani wake wote. Yale yaliyomkuta aliyageuza kuwa hadithi ya kujivunia. Kwenye vijiwe alisimulia kwamba yeye alifukuzwa, ndiyo, ila nendeni mkaikanyage kona ile, hakuna mahali pagumu kama pale soko zima, maana mke wake haoni haya hata kwa mumewe. Watu wakimwona mama akipita walimpa heshima. Alikuwa akiharakisha.

Soko lilipopakwa rangi, wifi alikuja na furaha ya bibi harusi. Jina lake limetoka. Tena amebahatika, anaruhusiwa kuchagua kati ya vizimba viwili: kimoja cha mlangoni, kidogo, jua linakipiga asubuhi hadi jioni, na kingine kikubwa, ndani, kona ya ukutani. Alikuwa anataka ushauri wa kaka, ila uso wake ulionyesha kwamba ameshakata shauri.

"Chukua cha ukutani," Taratibu alisema, hata hakumwacha amalize. "Pale pameshindiliwa mara mbili. Ya pili niliilipia mimi."

Mama Kokoto alikuwa anachambua mchele. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba cha mlangoni ndicho chenye wateja.

Wifi akacheka. "Wifi, tangu lini wewe ukanitakia mimi wateja?"

"Nakuomba. Chukua cha mlangoni."

Alilisema vibaya. Sauti ilikuwa nzito mno kwa jambo la kizimba, na mikono ilikuwa imesimama juu ya ungo. Wifi akaacha kucheka, akamtazama kwa makini, akaona kile ambacho wifi huwa amejiandaa kukiona kwa mke wa kaka yake.

"Kaka, unamsikia? Kizimba kikubwa kimemuuma. Anataka nikaungue jua."

"Mwache," alisema Taratibu. "Mwenzio amezoea kuikataa kazi yangu. Hata akiipitisha mwenyewe, roho inambishia."

Wakacheka wote wawili, na kicheko cha mume kilikuwa kile cha zamani, cha juu ya rola. Mama alikuwa na neno moja tu la kusema, hawakurudia, na lilikuwa tayari mdomoni. Alilishika pale akamtazama mumewe, akaangalia juu ya kabati kupitia mlango wa chumba uliokuwa wazi, akarudi kwenye mchele. Wifi alisimama, akajifunga kanga vizuri. Alitaka kuwahi aandikwe kona ile kabla mwingine hajamtangulia. Mama Kokoto akamsindikiza hadi barabarani, akamtakia biashara njema.